Jinsi ya Kuziba Tundu la Simlinki Kwenye Tovuti Yako

Habari zenu, karibuni sana. Kama unaendesha tovuti kwa Drupal, WordPress, Joomla au mfumo mwingine wowote unaoruhusu watu kupakia mafaili, video hii ni yako. Tutatazama jinsi faili moja lenye jina la picha linavyoweza kutoa nywila ya hifadhidata yako, kisha tuzibe tundu hilo pamoja. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye kompyuta yako mwenyewe, si kwenye seva ya mteja.

Kwanza tuelewane simlinki ni nini. Umeenda duka la mtaani kununua sukari. Kwa mwenye duka imeisha, ila hakwambii. Anamtuma kijana wake atoke mlango wa nyuma akachukue duka la jirani. Wewe unapokea sukari kaunta ileile, hujui imetoka wapi. Simlinki ni faili la namna hiyo: ndani yake hamna kitu ila maelekezo ya mahali kitu chenyewe kilipo. Sasa fikiria mtu amebandika karatasi kwenye rafu ya sukari: "Ukiulizwa sukari, leta kilichomo kwenye droo ya pesa." Kijana akitii bila kuuliza, mauzo ya siku nzima yameondoka.

Hatua ya kwanza, tulione kwa macho. Andika hivi:

mkdir ~/jaribio && cd ~/jaribio
echo "nywila yangu" > siri.txt
mkdir tovuti
ln -s ../siri.txt tovuti/picha.jpg

Siri iko nje ya folda ya tovuti, umeona? Sasa washa seva ndogo inayotoa folda ya tovuti peke yake:

python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1 --directory tovuti

Fungua terminali ya pili, uombe picha:

curl localhost:8000/picha.jpg

Tazama kilichorudi: "nywila yangu". Hatukuandika nukta mbili na mkwaju popote kwenye anwani. Ukaguzi wa kutafuta "../", yaani "panda folda moja juu", kwenye jina la faili, ambao wengi wetu tulifundishwa, usingeona lolote hapa, maana jina ni safi kabisa.

Kwenye tovuti halisi mambo huwa mabaya zaidi. Drupal huweka nywila ya hifadhidata kwenye settings.php, WordPress kwenye wp-config.php. Ukiliomba faili hilo moja kwa moja, seva hulikabidhi kwa PHP, lugha ambayo mifumo hii imeandikwa nayo, PHP inaliendesha, nawe huoni kitu. Lakini likiombwa kupitia simlinki inayoitwa picha.jpg, seva huangalia mwisho wa jina, huona picha, na hulituma kama lilivyo, herufi kwa herufi. Nywila zote nje.

Swali la haki: mgeni wa tovuti atawezaje kuweka simlinki kwenye seva yangu? Njia kubwa ni vifurushi, yaani mafaili mengi yaliyofungwa kuwa faili moja, kama tar na zip. Tar hubeba simlinki ndani yake, na zip pia inaweza. Mshambuliaji anapakia kifurushi, programu yako inakifungua, simlinki inatua ndani ya folda ya mafaili. Kuna namna mbaya kuliko hiyo: kitu cha kwanza kwenye kifurushi ni simlinki inayoelekea folda ya nje, na cha pili ni faili linaloandikwa kupitia simlinki ileile. Hapo hasomi tena, anaandika anapotaka.

Haya yametokea. Drupal ilikuwa inatumia maktaba ya PHP iitwayo Archive_Tar. Tarehe 20 Januari 2021 timu ya usalama ya Drupal ilitoa tangazo la hatari kubwa, kwa sababu maktaba hiyo hadi toleo 1.4.11 haikuwa ikikagua simlinki ipasavyo. Tundu linaitwa CVE-2020-36193; CVE ni namba ya utambulisho ya matundu ya usalama yanayojulikana. Likazibwa kwenye 1.4.12. Julai mwaka huohuo likaja jingine la simlinki kwenye maktaba ileile, CVE-2021-32610, likazibwa kwenye 1.4.14. Nasisitiza hili kwa sababu nimekutana na tovuti nyingi ambazo mfumo wake "unafanya kazi tu", na hakuna aliyeugusa tangu siku ya uzinduzi.

Hatua ya pili basi, angalia toleo ulilonalo. Ingia folda ya mradi wako wa Drupal, kisha tumia Composer, programu inayosimamia maktaba za PHP:

composer show pear/archive_tar

Ukiona chini ya 1.4.14, sasisha leo. Kama kuna sababu ya kusubiri, zuia upakiaji wa .tar, .tar.gz, .bz2 na .tlz kwa sasa.

Hatua ya tatu, jifunze kukagua kifurushi kabla ya kukifungua. Rudi kwenye folda ya jaribio:

tar -cf kifurushi.tar tovuti
tar -tvf kifurushi.tar

Angalia herufi ya kwanza ya kila mstari. Folda ina d, faili la kawaida lina kistari, simlinki ina l, na mbele yake kuna mshale unaoonyesha inakoelekea. Kwa zip tumia zipinfo, utaona l hiyohiyo. Kifurushi cha picha za mkutano hakina sababu ya kuwa na l.

Hatua ya nne, tafuta zilizokwisha kuingia:

find /var/www -type l -ls

Usifute ovyo. Baadhi ni halali, hasa kama matoleo ya tovuti yako hubadilishwa kwa simlinki. Unayoitafuta ni ile iliyo ndani ya folda ya mafaili ya watumiaji. Mimi niliwahi kuikuta moja kwenye tovuti ya mteja, ikielekea faili la mipangilio. Tulibadilisha nywila zote usiku uleule, na wewe ukiikuta fanya hivyo, maana kufuta simlinki hakurudishi kilichokwisha kusomwa.

Hatua ya tano ni kwa wanaoandika programu. Usihukumu jina, uliza njia inaishia wapi:

$msingi = realpath('/var/www/tovuti/faili');
$lengo = realpath($msingi . '/' . $jina);
if ($lengo === false || !str_starts_with($lengo, $msingi . '/')) {
    exit('Hairuhusiwi');
}

Realpath hufuata simlinki zote hadi mwisho. Huo mkwaju baada ya $msingi usiusahau, la sivyo folda jirani iitwayo "faili2" nayo itapita.

Hatua ya mwisho, seva yenyewe. Kama seva yako ya wavuti ni Nginx, ndani ya location (sehemu ya mipangilio) ya mafaili ya watumiaji, ongeza:

disable_symlinks on from=$document_root;

Utaona watu wakishauri if_not_owner badala ya on. Hiyo huruhusu simlinki ikiwa mmiliki wake ndiye mmiliki wa faili inaloelekea. Kwenye seva nyingi programu na mafaili yote ni ya www-data, akaunti inayoendesha tovuti, kwa hiyo simlinki aliyopandikiza mshambuliaji na settings.php vina mmiliki mmoja, na kizuizi kinapitisha. Kwenye folda ya watumiaji weka on. Apache, seva nyingine ya wavuti, ina SymLinksIfOwnerMatch yenye udhaifu huohuo, na nyaraka zake zenyewe zinasema isihesabiwe kuwa kizuizi cha usalama.

Kagua mipangilio kwa nginx -t, kisha systemctl reload nginx. Sasa weka simlinki ya majaribio kwenye folda hiyo, iombe kwa curl -I, na usome mstari wa kwanza: 403 Forbidden. Ifute hiyo simlinki ya majaribio kabla hujafunga terminali.