Kura ya 2010 na Ibara ya 26: Nani Aliulizwa Nini?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na wa sheria, Mombasa)

Hamjambo nyote. Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wanafunzi, nimeombwa nizungumze juu ya sheria ya uavyaji mimba na maoni ya wananchi. Naanza na tarehe 4 Agosti 2010, siku ambayo wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni.

Siku hiyo Wakenya walipanga foleni kuipigia kura katiba mpya. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ilikuwa La. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga walikuwa kijani. William Ruto, wakati huo waziri, aliongoza wekundu, na upande wake walisimama maaskofu Wakatoliki pamoja na Kadinali John Njue, na viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa. Mambo mawili yaliwakera zaidi: mahakama za Kadhi, na Ibara ya 26 inayohusu haki ya kuishi.

Ibara hiyo inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha inasema uavyaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kwamba matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Soma tena polepole. Ndani ya ibara moja kuna katazo zito na kuna mlango. Haya hayakutokea kwa bahati. Kamati ya Wataalamu ya Nzamba Kitonga, iliyoandika rasimu ya katiba, na Kamati Teule ya Bunge ya Abdikadir Mohamed zilivutana, na kilichobaki kwenye karatasi ni alama za mvutano wenyewe. Makanisa yaliomba mlango ule uzibwe. Wabunge waliwasilisha mapendekezo zaidi ya mia ya kubadilisha rasimu, juu ya mambo ya kila aina, lakini tarehe 1 Aprili 2010 Bunge liliipitisha kama ilivyokuwa.

Basi kampeni ikaanza. Jumapili baada ya Jumapili waumini waliambiwa mimbarini kwamba katiba hii itahalalisha kuua watoto tumboni. Hata Washington iliingia, wabunge wa chama cha Republican wakilalamika kwamba serikali ya Obama ilikuwa inafadhili upande wa Ndiyo. Hakuna aliyeweza kudai hakusikia. Kura zilipohesabiwa, takriban asilimia 67 walikuwa wamesema Ndiyo.

Tangu hapo kila upande una tafsiri yake. Watetezi wa haki za wanawake husema wananchi walionywa, wakasikia, na bado wakaikubali Ibara ya 26. Makanisa hujibu kwamba watu walikuwa wanataka ugatuzi na ardhi, wala hawakuipigia kura mimba. Mimi nasema kura ile haiwezi kumilikiwa na yeyote kati yao. Hapa Pwani tunajua vizuri zaidi kuliko kwingine. Waislamu wengi waliipigia kijani, na Baraza Kuu la Waislamu likaunga mkono, kwa sababu mahakama za Kadhi zilikuwa zinashambuliwa. Je, hiyo ina maana walikuwa na msimamo mwepesi juu ya mimba? Hata kidogo. Karatasi ya kura ilikuwa na swali moja kuhusu ibara zaidi ya mia mbili na sitini. Mkenya hajawahi kuulizwa swali hili peke yake, kwa uwazi: mama huyu mgonjwa atibiwe vipi? Wanasiasa wanaijua hali hiyo, nao wanaipenda, maana mtu asiyeulizwa hawezi kudai jibu lake litekelezwe.

Lakini kuna jambo ambalo halina ubishi: ibara ni sheria, na aliyeapa kuilinda katiba ameapa kuilinda yote. Kiongozi wa wekundu aliapa hivyo mwaka 2022 alipokuwa Rais. Tatizo ni kwamba chini ya katiba tumeacha Kanuni ya Adhabu ikisimama kama tulivyoirithi kwa Waingereza. Kifungu cha 158 kinampa anayetoa mimba kinyume cha sheria miaka 14, cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe miaka saba, cha 160 kinampa anayetoa dawa au vifaa miaka mitatu. Lipi ni kinyume cha sheria na lipi si kinyume? Vifungu hivyo havisemi. Polisi wa kituo cha kijijini anaamua mwenyewe, usiku, kwa fununu ya jirani.

Nanyi wauguzi mnafaa kuijua historia ya woga huu. Mwaka 2004 vijusi 15 viliokotwa vimetupwa Nairobi. Nchi nzima ikawaka hasira, na daktari John Nyamu na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa mauaji. Walikaa rumande mwaka mzima kabla mahakama haijawaachilia huru mwaka 2005. Sitawalaumu watu waliolia kwa kuviona vile vijusi. Huruma ile ilikuwa ya kweli. Ila tangu siku hiyo kila mhudumu wa afya alijua kwamba maoni ya umma yanaweza kumfikisha gerezani hata kabla ya ushahidi.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa kupunguza vifo vitokanavyo na utoaji mimba usio salama, ili ule mlango wa Ibara ya 26 ujulikane unafunguliwa na nani na lini. Desemba 2013 ikauondoa. Februari 2014 ikawakataza wahudumu kuhudhuria mafunzo. Hakukuwa na mjadala Bungeni wala kura. Ni barua tu za ofisini. Walioshindwa katika kura ya maoni walipata kwa barua walichokikosa kwenye sanduku.

Barua hizo zina uso. Mwaka huohuo wa 2014 msichana wa miaka 14 alibakwa, akapata mimba, akatolewa na mtu asiye na ujuzi. Figo zake zikaharibika. Alihangaishwa hospitali hadi hospitali, akaishi na maradhi hayo miaka minne, akafariki 2018. Kesi iliyofunguliwa na mama yake pamoja na FIDA Kenya, shirikisho la wanasheria wanawake, iliamuliwa Juni 2019 na majaji watano wa Mahakama Kuu, waliosema Wizara haikuwa na haki kuuondoa mwongozo ule. Msichana alikuwa ameshazikwa.

Na hapa jirani, Kilifi, mwaka 2019, polisi waliingia kliniki wakamkamata msichana wa shule na mhudumu aliyemtibu. Mahakama Kuu ya Malindi ikafuta mashtaka Machi 2022, ikisema huduma hii ni haki ya kikatiba. Uamuzi huo ukakatiwa rufaa. Ninyi wa sheria mtazisoma hukumu hizi mbili, ya 2019 na ya 2022, na nawaomba mzisome pamoja na wauguzi, kwa sababu wao ndio watakaosimama kwenye kitanda.

Mtaniuliza, maoni ya wananchi yako wapi basi? Ukimuuliza Mkenya hadharani, wengi watakwambia ni dhambi, na wanamaanisha. Lakini utafiti wa APHRC, kituo cha Afrika cha utafiti wa idadi ya watu na afya, pamoja na Wizara ya Afya ulikadiria kwamba mimba zipatazo 464,000 zilitolewa mwaka 2012 pekee, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa madhara yake katika vituo vya afya. Hao hawakutoka nchi nyingine. Ni waumini wa misikiti yetu na makanisa yetu, na waliowasindikiza ni mama zao na dada zao. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba ni dhambi, na bado asitake bintiye afe au afungwe. Siuoni unafiki hapo, naona mzazi. Siasa zetu hazijampa mzazi huyo nafasi ya kusema mambo yote mawili kwa pumzi moja.

Bunge limejaribu kutunga sheria ya afya ya uzazi, na mswada wa Seneta Susan Kihika wa mwaka 2019 ulizimwa kwa kelele kabla haujafika popote. Agosti 2027 wagombea watakuja tena hapa Mombasa na Kilifi. Msiwaulize kama wanaunga mkono utoaji mimba au wanaupinga. Jibu la swali hilo wamelikariri. Waulizeni kama watapiga kura kuvirekebisha vifungu vya 158 hadi 160 vilingane na Ibara ya 26, na muuguzi akimtibu mama anayevuja damu saa nane za usiku, ni karatasi gani itamlinda polisi wakigonga mlango. Msiwaachie kipaza sauti mpaka wajibu.