Mayonezi haimwagiki, kwa nini?

Haya, mnanisikia huko nyuma? Poa. Hesabu tutazifikia, tuanze na mayonezi, kwa sababu mle ndani mafuta ni kama asilimia 70 hadi 80, kuna siki na kiini cha yai, na kila kimoja peke yake kinatiririka vizuri tu, ila ukishavipiga pamoja unapata kitu kinasimama juu ya kijiko. Ugumu umetoka wapi?

Umetoka kwenye matone ya mafuta yaliyotapakaa ndani ya maji ya siki. Matone duara yanayolingana ukiyajaza ovyo ovyo yanafika kama asilimia 64 ya nafasi halafu basi, ukiongeza mafuta yanabanana mpaka yanabonyea, na tone likibonyea mvutano wa uso wake unalivuta lirudi duara, ndo huo ugumu wenyewe. Na tone likiwa dogo linabisha zaidi: punguza kipenyo chake kwa nusu, ugumu unapanda kama mara mbili. Ndo maana ukizidi kuipiga inazidi kukaza.

Matone yakiwa machache mambo ni rahisi. Einstein, kwenye kazi ya 1906 aliyoisahihisha 1911, alionyesha chembe ngumu zinaongeza mnato, yaani uzito wa kutiririka, kwa mara 2.5 ya sehemu ya ujazo zinayochukua. Taylor, Mwingereza, 1932 akasema ngoja, tone nalo linazunguka kwa ndani, kwa hiyo kama mnato wa ndani na nje ni sawa ile 2.5 inashuka hadi 1.75. Miaka miwili baadaye akatengeneza mashine ya rola nne na kulivuta tone moja hadi likakatika, kazi ambayo mimi naipenda kuliko zote.

Sasa kwenye emulsheni nzito, yaani matone mengi ya kimiminika kimoja ndani ya kingine kama mayonezi yetu, watu wanakimbilia modeli ya Herschel na Bulkley, 1926: kuna nguvu ya kuanzia, chini ya hapo haisogei, juu ya hapo inatiririka na kulegea. Sina ugomvi nayo, inachora grafu nzuri, ila haijui tone ni nini! Pampu yako ikiyapasua matone, namba zote ulizopima jana zimekufa, kwa hiyo ukubwa wa tone lazima uwe ndani ya modeli na uruhusiwe kubadilika.

Ah, na sahani za mashine ya kupimia mtiririko ziwe na mikwaruzo. Zikiwa laini, utando mwembamba wa maji unakaa ukutani, mzigo wote unateleza, na wewe unaandika umepima mtiririko.

Maswali?