Pete, Tupa na Sindano ya Shaba: Tamaa ya Binadamu katika Hadithi za Kishujaa

(Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya wapenzi wa fasihi na waandishi chipukizi)

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule mlangoni.

Tutenganishe kwanza maneno matatu. Haja ni kile ambacho mtu akikikosa mwili unaumia: maji, chakula, usingizi. Matamanio ni kile moyo unachokielekea ingawa mwili ungeishi bila hicho. Tamaa ni pale matamanio yanapoanza kumwendesha mwenyewe. Hadithi ya ajabu ya kishujaa, yenye falme za kubuni na safari ndefu, huichukua tamaa hiyo isiyoonekana na kuipa umbo linaloshikika mkononi. Umbo hilo ndilo ishara.

Waandishi wengi wachanga huanza na kitu. Upanga unaowaka, jiwe linalosema. Wanakipamba kurasa tatu, kisha wanahangaika kutafuta nani akitake. Hapo mambo yamekwenda kinyumenyume, na ndiyo sababu hadithi inalala. Hirizi isiyotakiwa na mtu ni ngozi na uzi.

Tazameni pete ya J.R.R. Tolkien, aliyoitolea riwaya ya mijalada mitatu, The Lord of the Rings, kati ya 1954 na 1955. Ni dhahabu tupu, haina kito; maandishi yake huonekana ikitiwa motoni. Sonara wa hapa angeipima na kuiweka pembeni. Nguvu yake ni kwamba kila anayeikaribia humwonyesha jambo lake mwenyewe. Boromir, askari shujaa, anaona jeshi la kuulinda mji wa kwao. Gandalf, mchawi mwema, anaikataa kwa hofu, kwa sababu anajua itamwingia kwa mlango wa huruma: ataitaka ili awasaidie wanyonge. Sam ni mtunza bustani, basi pete inamwonyesha jangwa lote limegeuka bustani chini ya amri yake. Kinachomwokoa ni mapenzi kwa bwana wake, na akili ya kawaida inayomwambia kwamba kibustani kimoja, alimacho kwa mikono yake, kinamtosha.

Angalieni kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyetamani uovu. Ulinzi, huruma, bustani! Methali yetu ya tamaa mbele, mauti nyuma ni ya kweli, lakini kwa mwandishi ina haraka mno: inaruka katikati, na hadithi imo humo katikati.

Sasa jambo la kifundi ambalo ningependa mlikumbuke kuliko yote. Pete hiyo ilitokea kwanza katika kitabu cha watoto cha Tolkien cha 1937, The Hobbit. Humo Gollum, kiumbe anayeishi pangoni gizani, anaahidi kuitoa kama zawadi iwapo atashindwa mashindano ya vitendawili. Anashindwa, anakwenda kuitafuta, haioni, anaomba radhi na kumwonyesha mgeni wake, Bilbo, njia ya kutokea. Ni kiungwana kabisa. Lakini mwandishi alipoanza riwaya kubwa, pete ikawa kitu ambacho mtu hawezi kukiachia kwa hiari. Gollum amekaa nacho karibu miaka 500, atakitoaje kama sahani ya halua? Basi katika toleo la 1951 sura ile iliandikwa upya, na Gollum akatoka humo akipiga mayowe ya chuki. Na ile simulizi ya zamani? Mwandishi hakuitupa. Alisema ni uongo wa Bilbo, aliyeiokota pete, akijitengenezea haki ya kuimiliki. Kosa la mwandishi likageuka dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mhusika. Huo ni ufundi wa fundi jahazi anayeona ubao umepinda, akaupeleka pale ambapo jahazi lenyewe limepinda.

Kwa hiyo ukishaijua tamaa, kiwekee kitu chako masharti matatu: kinatoa nini, kinadai nini, na hakiwezi nini. Pete inamficha mvaaji na kumrefushia umri; inadai utashi wake; haiyeyuki ila katika moto ilikofuliwa. Ukilisahau sharti la pili, kitu kinakuwa silaha tu. Ukilisahau la tatu, kila msomaji atauliza kwa nini shujaa hakukitumia tangu sura ya kwanza, na atakuwa na haki.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Wazungu. Haya, turudi nyumbani, kwenye utendi wa Liyongo, shujaa wa kale wa pwani yetu, aliouandika Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913 kutokana na simulizi kongwe. Beti zake ni za vipande vinne, mizani minane minane. Hamna nafasi ya kupamba kitu kurasa tatu. Liyongo yumo gerezani. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, afanye mkate wa wishwa, yaani wa pumba, na ndani yake atie tupa ya kukerezea minyororo. Kwa nini wishwa? Kwa sababu walinzi huvila vyakula vizuri wao wenyewe, na kibovu humwachia mfungwa. Uhuru umefichwa ndani ya kitu kisichotamaniwa na mtu, na ulafi wa walinzi ndio unaoupitisha mlangoni. Hakuna uchawi hapo hata chembe.

Sindano nayo ndiyo ya ajabu. Mwili wa Liyongo haudhuriwi na silaha ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mfalme wa Pate anamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana anamuuliza baba siri yake. Baba anahisi ametumwa, na bado anamwambia. Hapo mie husita kila nisomapo. Naona baba naye ana tamaa yake: anataka kumwamini mwanawe kuliko anavyotaka kuishi. Na kwa nini kitovu? Kitovu ndipo mtoto alipofungwa na mzazi, na ndipo mzazi huyu anapochomwa na mtoto. Mshairi hakulieleza hilo hata kwa neno moja. Mngemwandika Liyongo nyinyi, naogopa mngempa mzee mmoja wa kijiji aya nzima ya kufafanua, na sindano ingekufa papo hapo. Mhusika akishasema kitu kinamaanisha nini, msomaji hana tena cha kufanya.

Kijana hakumpata huyo mke.

Liyongo, akiwa amechomwa, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutia mshale. Anafia hapo hapo, mkono umevuta. Watu wa mji wana kiu, na maji wanayaona. Hawataki ufalme wala binti wa mfalme. Wanataka kujaza mitungi tu, na hapana anayethubutu kusogea. Mama yake anaitwa aje ambembeleze mwanawe awaachie njia, asijue naye kwamba anazungumza na maiti.