Bunduki Iliyonizuia Kununua Nyingine

Mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mkichoka mtoke kimyakimya: nimewaona, na siwalaumu.

Nimeombwa nizungumzie bunduki za kuwindia ninazozipenda, na ununuzi gani wa bunduki ambao sijawahi kuujutia. Swali hilo ukiliweka mbele ya wawindaji watatu utapata majibu saba na magomvi mawili. Kila mmoja ataanza na kipenyo cha risasi, atafuata na jina la kiwanda, kisha ataishia kwenye mnyama aliyempiga kwa umbali unaozidi kurefuka kila mwaka hadithi inaposimuliwa. (Kicheko.) Mimi nitaanza kwingine. Nitaanza na bunduki niliyoinunua kwa pupa.

Ilikuwa .338 Winchester Magnum, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1958. Bunduki mpya, inang'aa, mti wake, yaani ule mwili wa mbao unaoshikwa mkononi, umepigwa mafuta ukapigika. Niliinunua kwa sababu mtu mmoja aliniambia kwamba mwanamume hawindi na kibunduki. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, umri ambao maneno ya namna hiyo hayapiti kwenye akili kwanza. Ukichukua bunduki mbili za uzito mmoja, teke la .338, yaani jinsi inavyokurudi begani inapolia, ni zaidi ya mara moja na nusu ya teke la .30-06, risasi ya kawaida ya wawindaji. Ukiisoma hiyo kwenye karatasi unaona ni hesabu tu. Begani ni habari nyingine.

Msimu wa kwanza niliumaliza kwa ujeuri. Wa pili nikaanza kukosa. Nikailaumu darubini ya kulengea, nikabadilisha risasi, nikausingizia upepo. Siku moja kwenye mazoezi rafiki yangu akaomba anijazie bunduki, kumbe kanitilia risasi ya bandia isiyo na baruti. Nikalenga, nikavuta. Bunduki ikalia "tik" tu, na mtutu ukainama kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye basi. Hakukuwa na teke lolote, lakini mikono yangu ilikuwa imeshausukuma mtutu chini, na macho nilikuwa nimeyafumba. Rafiki yangu hakusema neno. Alinitazama tu, na ningeona afadhali angecheka.

Bunduki ile haikuwa na kosa hata moja. Niliiuza kwa mtu mwenye mabega na busara zaidi yangu.

Kilichonitibu ni kibunduki chenyewe: .22 Long Rifle. Risasi hiyo ipo tangu 1887 na mpaka leo hakuna inayopigwa kwa wingi kama hiyo. Teke lake halimwamshi mtoto aliyelala begani, na risasi zake hazikufanyi uhesabu kila unapovuta. Nilipiga asubuhi, nikapiga jioni, nimesimama, nimepiga goti, nimekaa, mpaka macho yakazoea kubaki wazi mlio unapotokea. Kuna zinazojipakia zenyewe, kama Ruger 10/22 iliyotoka 1964 na magazini yake ya mviringo ya risasi kumi, lakini yangu ilikuwa ya kuvuta kwa mkono, moja moja, na ninaamini huo uvivu wake ndio ulionifunza. Mtu mwenye risasi kumi mkononi huwa hana haraka ya kujifunza kupiga moja. Najua hapa wapo watakaonipinga. Tutazungumza nje.

Sasa nije kwenye ile niliyoitiwa.

Mzee mmoja, mwindaji wa miaka mingi, macho yalikuwa yamemwishia. Alikuwa anauza Mauser ya 98 ya risasi za 7x57 (upana milimita 7, ganda lenye urefu wa milimita 57), bunduki ya Kijerumani iliyozaliwa jeshini, kisha fundi fulani akaukata mtutu wake ukawa mfupi na kuupunguza mti ukawa mwembamba. Ilikuwa na mikwaruzo kama meza ya jikoni. Nilipoishika tu mzee akasema, "Mwanangu, usiitazame. Ikague."

Akanikalisha. Kwanza akaniambia nihakikishe kwamba ni tupu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshaifungua mbele yangu. Chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa jicho, halafu chemba kwa kidole. Kisha akalichomoa komeo, kile kipande cha chuma unachokiinua, ukakivuta nyuma na kukisukuma mbele, akanipa nichungulie mtutu kutokea nyuma huku nikiuelekeza dirishani. "Usitafute mng'ao," akasema. "Baruti haijali mng'ao. Tafuta vishimo." Kwenye bunduki za zamani vishimo hivyo vina historia. Fataki za risasi za kijeshi za wakati huo, vile vidude vya nyuma ya ganda vinavyowasha baruti, ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Watu walipitisha mafuta wakadhani wamesafisha, na kutu ikaendelea kula chini ya mafuta. Chumvi haiondoki kwa mafuta, inaondoka kwa maji, na ya moto ndiyo bora kwa sababu mtutu hukauka upesi. Mzee alikuwa akimimina birika zima la maji ya moto mtutuni kila jioni ya kuwinda, kisha kitambaa kwenye mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, kisha ndipo mafuta.

Akanipeleka kwenye mdomo wa mtutu. Hapo risasi ndipo inapoagana na bunduki, na jeraha dogo kwenye ukingo, hata lililotokana na kuiegemeza bunduki kwenye mawe, linatosha kuipotosha. Nikapitisha ukucha wangu polepole kuuzunguka ukingo: safi. Akanionyesha vijino viwili vya mbele vinavyofunga komeo. Vyote viwili vilikuwa vimesuguliwa sawa, maana yake mzigo ulikuwa unabebwa na vyote. Akanionyesha nyuma ya komeo, pale mti unapoanza kuwa mwembamba kuelekea kitakoni, ambapo mti wa bunduki hupasuka kabla ya kwingine kokote. Palikuwa na ufa mdogo wa urefu wa punje ya mchele. Hakuuficha. Akasema, "Huo umekuwepo miaka kumi na tano. Ukirefuka, mwite fundi." Mwisho akalikoka komeo, akafunga usalama na kupigapiga kitako kwa kiganja, aone kama kifyatulio kitaachia chenyewe. Hakikuachia.

Nimenunua vitu vingi maishani, vingine vikubwa kuliko bunduki. Sijawahi kuuziwa kitu na mtu aliyeanza kwa kunionyesha kasoro.

Ngoja niwaambie kwa nini hiyo 98 inaheshimiwa, maana heshima yake siyo ya uzee peke yake. Jeshi la Ujerumani liliipokea mwaka 1898, kazi ya Paul Mauser wa Oberndorf. Ubavuni mwa komeo kuna ukucha mrefu wa chuma. Risasi inapopanda kutoka magazini, ukucha unaidaka papo hapo kwa ukingo wa ganda na kwenda nayo mpaka chembani, haiiachi. Kwenye bunduki nyingi nyingine komeo huisukuma risasi ikiwa huru, na ukucha wake mdogo huja kuishika pale komeo linapofungwa. Tofauti huioni ukiwa umekaa mezani. Utaiona siku umebabaika, nguruwe mwitu anakuja, umesukuma komeo nusu ukalirudisha. Kwa Mauser, risasi inarudi na komeo. Kwa zile nyingine, risasi ya kwanza inabaki mbele, ya pili inapanda na kuigonga kwa nyuma, na umebaki na rungu la bei ghali. Pamoja na hayo lipo jino la tatu, nyuma, la akiba ikiwa yale mawili ya mbele yatashindwa, na matundu ya kuukimbiza moshi wa ganda lililopasuka usikujie usoni. Yule bwana alifikiria mabaya yote kwa niaba yetu.

Winchester, kiwanda cha Marekani, waliichukua ile mbinu ya ukucha wakaiweka kwenye Model 70 yao, iliyotoka katika miaka ya 1930. Mwaka 1964, ili kupunguza gharama za kutengeneza, waliuondoa pamoja na mambo mengine. Wanunuzi wakanuna. Hadi leo mtu anayeuza Model 70 husema kwanza kama ni "ya kabla ya 64", halafu ndipo anataja kipenyo. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990 kiwanda kikaurudisha ukucha. Kwangu mimi hicho ni kisa cha mnunuzi kushinda kwa kununa, jambo nadra sana.

Lakini nisije nikawadanganya. Remington 700 ya 1962 haina ukucha huo, na imeua wanyama wasiohesabika. Savage 110 imekuwa ikitengenezwa tangu 1958, sura yake haimvutii mtu, na inapiga pale pale unapolenga. Tikka T3 ya Finland, ya 2003, ambayo tangu 2016 inauzwa kama T3x, mara nyingi ina mti wa plastiki ambao mtu wa rika langu anauona kama sahani ya pikiniki, ila komeo lake linateleza kama limepakwa samli. Kijana anayetaka bunduki mpya leo akichukua yoyote kati ya hizo hatakuwa amekosea. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba anahitaji zote tatu.

Kuhusu 7x57, watu huniuliza kama siyo ndogo. Ilitoka mwaka 1892, na Waingereza wa kampuni ya Rigby wakaiita .275. Mskoti Walter Bell, yule wa Karamoja, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa risasi hiyo. Msichukue kisa hicho vibaya. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe anayosimama, na alikuwa anapiga kila siku. Leo nchi nyingi zinadai .375 kwenda juu kwa wanyama wa hatari, na zina haki, kwa sababu sisi siyo Bell. Nimemtaja ili kusema kwamba risasi yake ilifika ndani vya kutosha. Kazi iliyobaki ilikuwa ni kujua pa kuipeleka. Na Jim Corbett, aliyewafuata chui na simbamarara wala watu huko India, alikuwa na Rigby ya .275 hiyo hiyo. Hakuinunua. Alizawadiwa mwaka 1907 kwa kumuua simbamarara jike wa Champawat. Kwa hiyo kwenye mashindano ya ununuzi bora, huyo ametushinda wote. (Kicheko.)

Darubini nitaisema kwa ufupi, ingawa ndiyo iliyonigharimu kuliko bunduki yenyewe. Watu hununua ukuzaji: mara kumi na sita, mara ishirini. Fanyeni hesabu hii dukani. Chukua kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, ugawe kwa ukuzaji. Mara 6 kwa 42, unapata 7. Mara 20 kwa 40, unapata 2. Hiyo namba ni upana wa mwanga unaotoka kuja jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi, na yetu sisi wazee ni 5, au chini yake. Wanyama hutoka magugani jua linapozama. Mwenye mara 20 atakuwa anatazama giza lililokuzwa vizuri sana. Mimi nina ya mara 6, haibadiliki, haina cha kuzungushwa, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuisahau kwenye ukuzaji usiofaa, kwa kuwa haina mwingine.

Tangu nilipoinunua Mauser ile sijanunua bunduki nyingine ya kuwindia. Siyo kwa kukosa hamu. Naingia madukani, naziinua, nafumba macho na kuiweka begani, nafungua macho kuona kama jicho limeangukia penyewe nyuma ya darubini. Jicho langu sasa limezoea kuangukia mahali pamoja. Kifyatulio kile najua kinaachia wapi kuliko ninavyojua ngazi za nyumbani kwangu. Mara mbili nimekaribia kulipa, na mara zote mbili nimejikuta namwuliza muuzaji maswali ya yule mzee, kuhusu vishimo, vijino, ufa, na muuzaji ananitazama kama mtu aliyeingia duka lisilo lake.

Ule ufa, kwa wanaotaka kujua, bado ni punje moja ya mchele. Nimekuja na ule mti peke yake, bila mtutu wala komeo, mwenyekiti asiwe na wasiwasi. Pitisheni mikononi, mtauona nyuma tu ya pale chuma kinapoishia. Na mama yule wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipolitaja lile birika la maji. Karibu, mama, uliza.