Kabla ya Kununua Hudi ya Jiko, Tazama Ukuta Kwanza

Habari zenu ndugu zangu. Swali ni lile lile, halikauki kwenye maoni: "Ninunue hudi gani ya jiko?" Wengine mnaiita feni ya kuvuta moshi, ni kitu hicho hicho. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Najua yatakayofuata. Yupo atakayesema huyu amekuja kuringa na vyombo vya ughaibuni, na yupo atakayesema walioko nje kazi yao ni kulalamika. Jamani, leo sina jiko la kuwaonyesha. Video nzima ni vipimo, mabomba na karatasi, kwa sababu hapo ndipo hela za watu zinapopotelea. Na haya ni mawazo yangu mimi. Nyumba yako unaijua wewe na fundi wako.

Kwa nini moshi ni mbaya sitaeleza, hilo mnalijua.

Wengi wanaanza dukani, wanapenda umbo na kioo, wakifika nyumbani ndipo wanauliza bomba litapita wapi. Hiyo ni kuanza mwisho. Simama jikoni utazame ukuta ulio nyuma ya jiko, ujiulize hewa itatokea wapi. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua hudi, maana ziko za namna mbili. Moja inavuta hewa na kuitupa nje kwa bomba. Nyingine inavuta, inapitisha kwenye filta ya mkaa, halafu inairudisha humo humo jikoni.

Hii ya pili inauzwa kwa maneno matamu mno. Filta ya mkaa inapunguza harufu, basi. Mvuke unarudi ndani, joto linarudi ndani, na kwa jiko la gesi ile hewa chafu ya mwako inarudi ndani. Mkaa haukamati kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mwako. Tena mkaa unachoka: filta nyingi zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa mpishi wa kila siku, na haifai kuziosha isipokuwa zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo na kuandikwa hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa hudi hii ni rahisi kwa sababu haina bomba, uliza bei ya filta, zidisha kwa idadi ya filta za miaka mitano, ujumlishe na bei ya hudi. Baada ya hapo linganisha. Kwangu mimi, mwenye jiko la gesi na ukuta wa nje unaoweza kutobolewa asikubali hudi ya kurudisha hewa.

Sasa bomba, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo makosa yalipojaa. Hudi nyingi za kawaida zina tundu la kutolea hewa la sentimita 15. Fundi anafika na bomba la sentimita 10 kwa kuwa ndilo alilo nalo, au kwa kuwa tundu la ukutani lilishatobolewa kwa kipimo hicho, anaweka kipunguzio na kazi inaonekana imekwisha. Piga hesabu: nafasi ya kupita hewa kwenye bomba la 10 ni chini ya nusu ya ile ya bomba la 15. Hata ukishuka hadi 12.5 tu, umepoteza karibu theluthi moja. Mota inahangaika, kelele inapanda, moshi unabaki. Mwenye nyumba anasema hudi ni mbovu, anairudisha dukani, na kosa ni la bomba.

Bomba liwe gumu na laini kwa ndani. Lile la kukunjika lenye mikunjo kama akodiani linakwamisha hewa na kushika mafuta; kama huna budi, tumia kipande kifupi na ukivute kinyooke kabisa. Kila kona ya digrii 90 inapunguza nguvu kama vile umeongeza mita kadhaa za bomba, na kona mbili zinazofuatana ni mbaya zaidi. Pale unapoweza, weka kona mbili za digrii 45 badala ya moja kali. Bomba la mlalo liinamishwe kidogo kuelekea nje, ili mvuke unaopoa na kuwa maji utokee nje usirudi kwenye mota. Mwishoni weka kifuniko chenye kilango kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikisimama, vinginevyo upepo na wadudu wataingia kwa njia hiyo hiyo.

Na tafadhali, bomba lisiishie kwenye dari. Kuna mafundi wanaolielekeza juu ya siling'i na kuliacha humo. Mafuta na unyevu vinajikusanya kwenye mbao, ukungu unaota, na mafuta hayo ni kuni za moto unaosubiri cheche. Fundi akikuambia "hewa itajitafutia njia", mtafute mwingine.

Namba za kwenye boksi. Nguvu ya hudi inapimwa kwa mita za ujazo kwa saa. Bidhaa za soko la Marekani zinaandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, na CFM 1 ni kama mita za ujazo 1.7 kwa saa. Hesabu inayotumika sana ni hii: urefu wa chumba cha jiko mara upana mara kimo, halafu mara 10, maana hewa ya humo inatakiwa ibadilike kama mara 10 kwa saa. Jiko la mita 4 kwa 3 lenye kimo cha 2.5 lina mita za ujazo 30, kwa hiyo tafuta 300. Jiko lililoungana na sebule litakupa namba kubwa ya kutisha; hapo mimi nisingekimbiza namba, ningehakikisha hudi ni pana na inakamata mvuke kabla haujatawanyika.

Kinachoniudhi ni namba gani wanaichapa kwa maandishi makubwa. Mara nyingi ni ile ya spidi ya juu kabisa, ambayo kwa hudi nyingi inadumu dakika chache kisha inajishusha yenyewe. Wauzaji wengine wanakupa hata namba iliyopimwa bila bomba. Wewe tafuta namba ya spidi ya juu ya kawaida, na namba hiyo itimize hesabu yako. Hudi zinazouzwa Umoja wa Ulaya zinabeba lebo ya nishati yenye madaraja, na mbali na umeme inaonyesha pia jinsi hudi inavyonasa mafuta na kelele zake kwa desibeli. Watu wanatazama herufi kubwa ya juu tu. Tazama kelele. Desibeli 10 zaidi sikioni ni kama kelele imekuwa maradufu, na hudi yenye kelele haiwashwi. Hudi isiyowashwa ni kabati.

Upana: usiwe mdogo kuliko jiko lenyewe. Jiko la sentimita 60 lipate hudi ya 60 kwenda juu. Ukipata inayozidi kidogo kila upande ni bora, na kwa jiko la katikati ya chumba hilo ni lazima, kwa sababu hakuna ukuta wa kuzuia mvuke usitawanyike. Kina nacho kinasahauliwa. Zile hudi za kioo zilizoinama ni nzuri kwa macho na hazikugongi kichwa, lakini mvuke wa vichomeo vya mbele unaweza kuziponyoka. Ukiwa nayo, sufuria kubwa ziweke nyuma.

Urefu kutoka juu ya jiko la kupikia hadi hudi: majiko ya umeme mara nyingi ni sentimita 50 hadi 65, ya gesi 65 hadi 75. Ila soma vitabu vyote viwili, cha jiko na cha hudi, ufuate kipimo kikubwa zaidi. Ukishusha sana juu ya gesi, unaziunguza filta zilizojaa mafuta. Ukipandisha sana, mvuke unapanuka kabla ya kufika.

Hili la sasa ni la uhai. Kama nyumbani kuna hita ya gesi yenye bomba la moshi, au jiko la kuni, hudi yenye nguvu inaweza kuvuta hewa ya chumba mpaka moshi wa hita ukageuka na kurudi ndani. Kaboni monoksaidi haina harufu. Hewa inayotoka lazima ilipiwe na hewa inayoingia: dirisha lililo wazi kidogo, au tundu maalumu la kuingizia hewa. Vitabu vingi vya hudi vinaandika kwamba mvuto ndani ya chumba usizidi paskali 4, ambayo ni kipimo cha shinikizo la hewa. Mwite fundi wa gesi apime, na uweke king'ora cha kaboni monoksaidi.

Karatasi sasa, kwa mnaoishi nyumba za kupanga. Tundu kwenye ukuta wa nje ni mabadiliko ya jengo, na "sawa tu" ya mdomoni haitakusaidia siku ya kudai amana yako. Pata ruhusa ya maandishi inayotaja kipenyo cha tundu, mahali lilipo, na nani atakayeliziba ukihama. Kwenye maghorofa usiunganishe hudi na njia ya hewa ya pamoja bila idhini ya jengo; harufu na mafuta yako yataingia kwa jirani. Kwenye bomba la moshi la hita, usiunganishe kabisa.

Waranti nayo: filta na taa mara nyingi hazimo. Uliza kama taa inabadilika peke yake au mpaka ufungue kila kitu. Lebo ya namba ya hudi kwa kawaida iko ndani, nyuma ya filta za mafuta. Ipige picha kabla haijapata mafuta, uhifadhi pamoja na risiti.

Matumizi ni mafupi. Washa dakika chache kabla ya kupika, acha iendelee dakika 10 hadi 15 baada ya kumaliza. Filta za chuma zioshe kila mwezi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Magadi makali yaacheni, yanakula aluminiamu.

Mtakaoandika kwenye maoni, msinitumie picha ya hudi tu. Niandikieni jiko ni la gesi au umeme, upana wake, ukubwa wa chumba, urefu wa bomba na lina kona ngapi. Nikiwa na hayo matano naweza kujibu.