Kuku wa Dhahabu na Samaki wa Cid

SOMOE: Inarekodi? Haya. Wasikilizaji, habari za saa hizi. Leo tuliahidi kuchagua tatu bora kati ya gemu za video za Final Fantasy, ubishi uishe. Mimi nimekuja na karatasi. Kaka Sele amekuja na mihogo.

SELE: Ming'oko, Somoe. Mtu wa Lindi mzima huijui ming'oko?

SOMOE: Kula. Lakini kwanza sema ulichofanya Magomeni, maana simu zimenifikia mpaka kwetu.

SELE: Watu wambea! Luninga yangu imeungua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikafa hapo hapo. Na mnanijua, silali bila kusogeza gemu kidogo. Nikatia PS2 yangu, mashine ya gemu, kwenye kikapu nikaenda kibandani wanakocheza gemu kwa kulipia. Nikamwambia mwenye banda, nalipa kama wengine, ila nachomeka mashine yangu. Akakubali, akidhani naweka mpira.

SOMOE: Ukaweka kuku.

SELE: Nikaweka Final Fantasy toleo la saba. CD ya zamani, memori kadi ya zamani. Nilikuwa Gold Saucer, uwanja wa burudani wa humo ndani, kwenye mbio za chocobo. Vijana wamejaa kwenye benchi na jero zao mkononi, wanaona ndege wa njano anatimka na mtu mgongoni. Mmoja akaniambia, "Shikamoo mzee, mpira unaanza saa ngapi?"

SOMOE: Mzee!

SELE: Mvi mbili tatu hizi. Sikumjibu. Mbio zilizofuata benchi lote limesimama, huyu anashangilia mwekundu, yule wa buluu, jero zinahama mikono. Mwenye banda akaja kuwatuliza, na yeye akaweka.

SOMOE: Umeleta kamari kwa watoto wa watu.

SELE: Mbona gemu lenyewe ndani yake lina kubeti? Mimi nimefika nimekuta.

SOMOE: Kwa aliyeingia leo: chocobo ni ndege wa kupanda, yupo kwenye mfululizo huu tangu toleo la pili, mwaka 1988. Basi, tumemaliza. Nafasi ya tatu kwenye karatasi yangu…

SELE: Tumemaliza nini? Hujasema habari ya kumpata wa dhahabu!

SOMOE: Na sisemi.

SELE: Nasema mimi. Chocobo wa kawaida havuki mto wala mlima. Unawapandisha, unawapa kokwa ya Carob, unapata wa kijani anayepanda milima na wa buluu anayevuka mito. Hao wawili, kwa Carob nyingine, wanakuzalia mweusi. Mweusi sasa unamkutanisha na wa kawaida aliye bora kuliko wote, unawapa kokwa ya Zeio. Hapo ndipo anazaliwa wa dhahabu, anavuka mpaka bahari. Na wazazi uwe umewakimbiza kwenye mbio mpaka wapande daraja, la sivyo unapoteza kokwa zako bure.

SOMOE: Kwa hiyo, kwa kifupi, unampa kuku korosho.

SELE: Hilo ndilo walilolipenda vijana! Wakauliza, hiyo kokwa inauzwa mnada gani? Nikawaambia haiuzwi, unamwibia Goblin kisiwani kwake.

SOMOE: Goblin hana chama cha msingi?

SELE: Hana AMCOS, hana ghala, hana stakabadhi. Anatembea nayo mfukoni.

SOMOE: Ndiyo maana anaibiwa. Angeipeleka ghalani…

SELE: Angeipeleka ghalani angekatwa ya gunia, ya usafiri, ya ushuru, mwisho wa msimu anabaki na ganda. Afadhali aibiwe na Cloud, shujaa wa gemu.

SOMOE: Jamani, karatasi yangu. Nafasi ya tatu naweka ya kumi, ya 2001. Humo ndimo wahusika walipoanza kusema kwa sauti. Na vita vyake vinakungoja, unafikiri, unabadilisha mtu katikati ya pambano, adui katulia tu. Una neno?

SELE: Sina. Ya tatu ni hiyo. Ila kuku wake mdogo.

SOMOE: Sele!

SELE: Haya, endelea.

SOMOE: Ya kwanza kwangu ni ya sita. 1994, kwenye Super Famicom, mashine ya Nintendo. Hii Marekani waliiuza kwa jina la Final Fantasy III, kwa sababu kati ya matoleo matano ya nyuma, matatu hawakuyapeleka kule. Ina wahusika 14 wa kucheza nao, na huwezi kusema huyu ndiye nyota. Halafu adui, Kefka, anaivunja dunia kweli. Gemu nyingine unamzuia dakika ya mwisho. Hapa anafaulu, na bado uko katikati ya safari.

SELE: Hilo nakupa, ni zuri.

SOMOE: Ngoja. Unaamka kisiwani ukiwa Celes, mmoja wa wahusika hao. Yuko mzee Cid peke yake, anaumwa, na chakula ni samaki tu. Unakwenda ufukweni, unawakamata kwa mkono. Gemu halikuambii kitu. Ukimpelekea wanaokwenda mbio anapona. Ukimpelekea wale wanaojikokota, anakufa.

SELE: Mtoto wa Shangani hawezi kukosea hapo. Samaki anayejikokota ana lake jambo.

SOMOE: Wengi wanakosea, kwa sababu ndiye rahisi kumshika. Ndiyo hoja yangu. Kwenye ya saba, Aerith, msichana wa kundi lako, anakufa mwisho wa diski ya kwanza, utake usitake. Msiba umeletewa mlangoni. Cid amekufa mkononi mwako, kwa uvivu wako, na hadithi inaendelea bila kukusuta. Nani mwingine alifanya hivyo mwaka 1994?

SELE: Mimi naona hapo ndipo inapopungukiwa. Cid wako amekufa, wa jirani amepona. Mkikutana mtalia nini pamoja? Msiba wa Aerith ni mmoja kwa kila mtu. Nikisema "diski ya kwanza" kwa mtu wa Masasi au wa Tandahimba aliyeicheza, ananyamaza. Hauhitaji hata Kiingereza.

SOMOE: Kwa hiyo bora ni ile inayoliza wengi?

SELE: Bora ni ile inayomfikia mtu asiyeijua. Vijana wa Magomeni hawaijui kampuni ya Shinra, hawamjui adui Sephiroth, lakini walisimama kwenye benchi.

SOMOE: Walisimamia jero zao! Walimwona kuku, gemu hawajaliona. Toa mbio za kuku kwenye ya saba, nionyeshe kilichobaki kinachoishinda ya sita.

SELE: Na wewe toa lile onyesho la opera la ya sita na dunia iliyovunjika.

SOMOE: Huwezi kuitoa, ndiyo hadithi yenyewe! Kuku wako ni wa pembeni, mtu anamaliza gemu bila kumpata wa dhahabu.

SELE: Anamaliza bila Knights of the Round, wale unaowaita wakusaidie vitani? Wapiganaji 13, mmoja baada ya mwingine, unakwenda kuchota maji unarudi hawajamaliza kupiga. Na bila wa dhahabu hukifikii kisiwa chao.

SOMOE: Ndiyo, anamaliza. Kama ilivyo kwenye ya sita: baada ya dunia kuvunjika lazima uwapate Celes, Edgar na Setzer tu. Wengine wote ni hiari yako kuwatafuta. Ila ukiwaacha unajua umemwacha nani. Ukimwacha kuku umeacha kuku.

SELE: Umemwacha kwa Goblin na korosho yake. Sikubali, Somoe.

SOMOE: Wala mimi sikubali.

SELE: Basi andika mbili za kwanza.

SOMOE: Hakuna mbili za kwanza. Naandika kumi, nafasi ya tatu. Juu yake patupu.

SELE: Sawa, patupu.

SOMOE: Na mwenye chumba huyo anagonga, wenzetu wa kwaya wamefika. Tulipanga mambo ya kumwambia anayeanza leo: aanze na ipi, asevu lini, asiuze nini…

SELE: Asiuze kokwa.

SOMOE: Hayo hatuyawezi tena. Tuandikieni mlio upande wangu.

SELE: Na ya tisa hatujaigusa! Ya 2000, mle kuku anachimba hazina kwa mdomo, unampeleka msituni na…

SOMOE: Kwaherini.