Muulizeni Kesho Yake Anakuwaje

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi)

Habari za asubuhi, wanangu. Mtaniwia radhi, nitazungumza nimekaa. Mguu hauna tatizo. Nikisimama dakika kumi moyo unakwenda mbio, kichwa kinakuwa chepesi na maneno yananipotea katikati ya sentensi. Kwa hiyo kiti hiki nacho ni sehemu ya somo.

Nimekuwa muuguzi miaka 19, na 7 kati ya hiyo nimekuwa pia mgonjwa wa maradhi yanayoitwa "uchovu sugu". Ilianza na homa. Malaria haikuonekana, nikatibiwa taifodi, homa ikaondoka, lakini nguvu zangu hazikurudi. Nikapimwa damu, tezi ya shingo, sukari, kifua kikuu, VVU, ini na figo. Kila jibu lilitoka safi, na kila jibu safi liliwapunguzia watu imani kwangu. Daktari mmoja alisema nina mawazo, nifanye mazoezi. Mawifi walisema nimekuwa mvivu. Wengine walinong'ona kwamba nimefanyiwa kitu.

Kisha jirani yetu akafiwa. Nikaenda, nikamenya vitunguu, nikaosha masufuria, nikakaa na wafiwa hadi usiku. Nilijisikia vizuri, nikadhani nimepona. Kesho yake mchana koo likaanza kuwasha na shingo kuuma. Keshokutwa sikuweza kuinua kitana. Mwanga wa dirishani ulinichoma macho, redio ya nyumba ya pili ilinitoa machozi. Nililala siku kumi na moja. Msibani nilionwa na mtaa mzima. Kitandani aliniona binti yangu peke yake.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Jina la "uchovu sugu" linatuponza, maana kila mtu anaujua uchovu, na uchovu tunaoujua dawa yake ni usingizi. Huu usingizi hauutoi. Alama yake kuu ni kuzidiwa baada ya kujishughulisha, na kuzidiwa huko huchelewa: kunaweza kuja siku hiyohiyo, kesho yake, au hata siku ya tatu. Kazi ya akili nayo huuamsha. Kujaza fomu, mazungumzo marefu, kulia. Ni kama mkopo wa kausha damu: fedha unaishika leo, kesho wanakuja kubeba hadi godoro.

Watafiti wamewapima wagonjwa kwenye baiskeli ya maabara siku mbili mfululizo. Mwenye afya, hata asiyezoea mazoezi, siku ya pili hurudia karibu kiwango kilekile. Kwa wagonjwa wengi wa maradhi haya kiwango hushuka. Sasa fikirieni sisi tunaomwona mgonjwa mara moja, dakika tano, katika siku aliyojikusanya ili aweze kufika kliniki.

Naomba nikae kidogo London, kwa sababu walioumwa kule walikuwa wenzetu. Julai 1955, katika hospitali ya Royal Free, wafanyakazi walianza kuugua mmoja baada ya mwingine, wauguzi wakiwa wengi. Hadi Novemba walifika 292, na 255 kati yao walilazwa. Hospitali ilifungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Misuli iliwauma, ilichoka kwa kazi ndogo, na wengine hawakurudi katika hali yao. Mwaka uliofuata ugonjwa ukapewa jina la Kiingereza, myalgic encephalomyelitis, ambalo leo tunalifupisha ME, na ndio huuhuu unaoitwa uchovu sugu. Lakini mwaka 1970 madaktari wawili wa akili walipitia mafaili, bila kuwapima wagonjwa wenyewe, wakaandika kwamba ilikuwa hofu tu iliyoenea kutoka mtu hadi mtu, na hoja yao mojawapo ni kwamba wengi walikuwa wanawake. Mimi jambo hili linanikasirisha hadi leo, na sitaki kulificha. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwishauweka ugonjwa huo miongoni mwa maradhi ya mfumo wa fahamu mwaka 1969.

Makosa hayo yamekuwa na gharama. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2007 ulishauri mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Wagonjwa walilalamika kwamba yanawaangusha, na Oktoba 2021 mwongozo mpya ukaufuta ushauri huo.

Kipimo cha damu cha kuuthibitisha bado hakipo, wala dawa ya kuuponya. Kazi yenu basi ni kusikiliza. Akikuambia amepungukiwa nguvu zaidi ya miezi 6, usingizi haumpumzishi, akili ina ukungu au kusimama kunamwelemea, muulize: ukifanya kazi, kesho yake unakuwaje? Mpime mapigo ya moyo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, hadi dakika ya 10. Upungufu wa damu, tezi na kifua kikuu vitafutwe kwanza, maana hivyo vina dawa. Mwenye sonona naye asisahaulike. Mara nyingi yeye hamu ndiyo imekufa. Mimi hamu ninayo, naota hata kudeki.

Nyumbani najipimia. Mboga nakata nimekaa kwenye kigoda, naoga nimekaa, nguo nafua tatu, si beseni zima. Napumzika kabla ya kuchoka, chumba kikiwa na giza, simu imezimwa. Nikihisi mapigo yamepanda, naacha nilichoshika hata kama ugali haujaiva. Hilo la kuacha ndilo lililonichukua muda mrefu kujifunza kuliko yote. Mama wa Kitanzania hufundishwa kumaliza. Misibani sasa natuma mchango, na binti yangu anakwenda kwa niaba yangu. Wapo waliokata salamu kwa sababu hiyo.

Kwa ajili ya asubuhi hii nimepumzika tangu Jumamosi, na hadi Ijumaa sijapanga lolote. Mkuu wa chuo amenitengea kitanda chumba cha pili. Nitapokea maswali kwa dakika kumi, kisha naomba mmoja wenu anishike mkono hadi pale.